Rundo la Makoro Munigi

Kila Jumamosi, kabla jua halijapanda juu ya mabati ya mtaa wa Murara, Joyeuse alikuwa amekwisha kujaza madumu ya maji bombani, kufagia uani na kusugua sufuria za jana. Msidhani alipenda kazi kuliko watoto wengine. Alitaka tu mama yake, Emerance, akose neno la kusema pale Muzee Havugimana atakapopiga hodi na mashine yake begani.

"Umemaliza?" mama aliuliza.

"Nimemaliza, mama. Hata masizi ya sufuria nimetoa."

"Haya, enda. Lakini urudi na viatu yote mbili. Wiki iliyopita ulirudi na kimoja."

Joyeuse alikuwa na miaka kumi na miwili. Yeye na mama yake walikimbia vita kutoka kijiji cha Kalengera, wakapanga chumba cha mbao mjini Goma. Muzee Havugimana naye alitoka Kalengera, na hata huku uhamishoni bahati ilimweka nyumba ya pili kutoka kwao. Alikuwa dereva wa lori aliyestaafu. Mpwa wake aliyeko Ulaya alikuwa amemtumia mashine ya kutafuta madini: fimbo ndefu yenye sahani chini. Sahani ikipita juu ya chuma chochote kilichofukiwa, mashine hulia.

Wazee wengine hucheza dama. Muzee Havugimana alitembea kando ya vijito vya Kalengera akitafuta dhahabu. Katika miaka yote hiyo hakupata hata ya kuziba jino, na jambo hilo halikumkera. Alipata misumari, vijiko, vizibo vya chupa, na siku moja kufuli lililofungwa ambalo halikuwa na ufunguo, akarudi nyumbani akipiga mluzi. Vita vilipofika kijijini, mkewe alibeba godoro, yeye akabeba mashine, na sufuria zikabaki jikoni. Mkewe hakulisahau jambo hilo. Aliibatiza mashine jina la Kasuku, kwa kuwa inapiga kelele bila kujua inasema nini.

Goma si mahali pazuri pa kazi ya Kasuku. Mji umejengwa juu ya makoro, yale mawe meusi yaliyotoka volkano yakiwa moto na kuganda. Mvua ikinyesha, makoro huyameza maji, ndiyo maana vijito hakuna. Tena yana chuma ndani yake, kwa hiyo Kasuku alilia karibu kila hatua, mpaka watoto wa njiani wakamwiga. Lakini upande wa Munigi, nje kidogo ya mji, kulikuwa na makorongo ambamo mvua kubwa iliteremsha maji kwa muda mfupi na kuacha mchanga. Huko ndiko Muzee na Joyeuse walikokwenda kila Jumamosi, mmoja na fimbo, mwingine na koleo dogo.

Muzee alikuwa na masharti mawili, na hakuchoka kuyarudia.

"Kasuku anajua chuma. Hajui ile chuma ni ya nini. Akilia, unaniita, naangalia kwanza. Kabla ya hapo, hakuna kuchimba. Umesikia?"

"Nimesikia, Muzee."

"Na ya pili?"

"Tusipite ile nyumba haina mabati."

Nyumba hiyo ilisimama juu kidogo ya Munigi, kuta tupu, milango imekwisha kung'olewa. Mwaka uliotangulia askari walikuwa wamepigana kuanzia hapo kwenda juu, na Muzee hakutaka kujua kilichobaki mchangani.

Jambo moja Joyeuse hakumwambia Muzee. Mzee alikuwa anacheza. Yeye hakuwa anacheza. Baba yake alikuwa amerudi Kalengera peke yake kulinda shamba, akilala chini ya turubai kando ya nyumba yao iliyoungua. Mama alikuwa akisema, "Siku tutapata mabati, siku ile tunarudi." Kwa hiyo kila Kasuku alipolia, Joyeuse aliona paa la nyumba yao. Dhahabu kidogo tu, aliwaza, na sisi hao tunaenda kwetu.

Basi Jumamosi moja Muzee alishikwa na homa. Alikuwa amejifunika blanketi mpaka masikioni, na Kasuku alikuwa kwenye kibanda cha kuchaji simu tangu jana yake.

"Joyeuse, mutoto wangu, enda unichukulie mashine," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Ulete moja kwa moja hapa."

Joyeuse aliichukua mashine kibandani. Alipofika njia panda, upande mmoja ulikuwa wa Murara na wa pili wa Munigi. Alisimama kidogo. Usiku mvua kubwa ilikuwa imenyesha, na mchanga mpya bila shaka ulikuwa umeteremka. Nitaangalia tu, alijiambia. Kila anayefanya kosa huanza na maneno kama hayo, naye hakuwa wa kwanza wala wa mwisho.

Korongoni hakupata kitu. Alipanda kidogo, hakupata kitu. Alipoinua macho, nyumba isiyo na mabati ilikuwa nyuma yake. Alitaka kugeuka, na wakati huohuo Kasuku akalia. Haikuwa ile sauti ya kukwaruza ambayo makoro huitoa. Ilikuwa sauti safi, nzito, isiyokatika.

Joyeuse alipiga magoti, akafukua mchanga kwa vidole. Mstari wa njano ulitokea, upana wa kidole gumba, umepinda kidogo. Aliutemea mate na kuusugua kwa upindo wa blauzi, nao ukang'aa. Alijaribu kukivuta kitu kile, lakini kilikuwa kimekazwa na mchanga na mawe, hakikutikisika hata kidogo.

Ndipo aliposikia sauti za wachunga mbuzi kwa mbali. Wangekuja, wangeona, wangechukua. Akafanya haraka. Aliokota makoro pande zote na kuyapanga juu ya kitu kile, jiwe kwa jiwe, makubwa chini na madogo juu, mpaka likasimama rundo lililomfika kiunoni. Nitarudi na jembe, aliwaza. Kule Kalengera rundo la mawe pembeni mwa shamba ni takataka za mkulima, hakuna anayeligeukia mara mbili. Aliliangalia rundo lake, akaridhika nalo.

Alipofika kwa Muzee, jua lilikuwa limepinda.

"Juu ya nini ulikawia hivi?"

"Kuran ilikatika, Muzee. Mashine ilikuwa haiyajaa."

Mjini Goma, hakuna anayebishana na mtu aliyesema umeme umekatika. Muzee aliguna, akageukia ukutani. Joyeuse aliondoka na uongo wake, na ulikuwa mwepesi kuliko alivyotarajia.

Jumapili nzima aliimba kanisani bila kusikia anachoimba. Kichwani alikuwa ameshapaua nyumba ya Kalengera, na sasa alikuwa anamnunulia baba yake ng'ombe.

Jumatatu asubuhi, mwalimu aliingia darasani na mgeni. Aliitwa Birindwa, na kazi yake ilikuwa kuondoa mabomu yaliyosalia baada ya vita. Alikuwa na sanduku la vitu vilivyochongwa kwa mbao na kupakwa rangi: bomu la kutupa kwa mkono, bomu lenye mapezi, na kombora refu lililozidi mkono wa mtu mzima.

"Hizi ni za mbao, musiogope," alisema. "Lakini zile za kweli ziko bado huko inje. Nyingine ziko ndani ya mchanga, mvua inazifunua. Mutu anaona kipande kidogo tu. Kama hapa." Aliweka kidole kwenye kombora. "Huu mukanda ni wa shaba. Ukisugua, unang'aa. Batu banafikiri ni mali."

Joyeuse alitazama mkanda ule. Ulikuwa umepakwa rangi ya njano, upana wa kidole gumba, umepinda kufuata mwili wa kombora. Alikumbuka mate yake na upindo wa blauzi, na jinsi alivyovuta kwa nguvu zake zote.

"Kuna mwenye amekwisha kuona kitu kama hii?" Birindwa aliuliza. "Mahali popote. Hakuna atakayekugombeza."

Joyeuse aliinamia dawati lake. Nikinyoosha mkono, wataniuliza nilifika vipi kule. Muzee atajua kwamba umeme haukukatika. Mama atajua. Halafu, aliwaza, kwani kuna shida gani? Nimekifunika vizuri. Hakuna anayefika kule. Kikae tu chini ya mawe yake mpaka dunia iishe.

Mkono wake ulibaki mapajani. Birindwa akawaimbisha namba yake ya simu mpaka hata wale wavivu wa hesabu wakaijua kwa moyo, akafunga sanduku, akaenda darasa la pili.

Adhuhuri Joyeuse alirudi nyumbani pamoja na rafiki yake Bénita. Mama yake Bénita, Mama Athanasie, alikuwa mvunja makoro. Aling'oa mawe kwa mtaimbo, akayaponda kwa nyundo yakawa kokoto, akawauzia wajenzi. Kuyang'oa ndiko kulikomla siku nzima na kumpasua viganja. Kuyaponda kulikuwa afadhali. Siku hiyo Bénita alikuwa anarukaruka.

"Wiki hii tutakula muzuri, wewe! Mama alipata makoro imekwisha kupangwa, rundo mzima. Aliuliza bachunga mbuzi, balisema haina mwenyewe."

"Wapi?" Joyeuse aliuliza, ingawa miguu yake ilikuwa imeshajua.

"Kule Munigi, juu ya ile nyumba haina mabati. Mama eko kule sasa hivi na nyundo."

Katika mji wa Goma, mawe yaliyopangwa ni kazi iliyokwisha kufanywa nusu. Mtoto aliyezaliwa Murara angejua kwamba rundo la makoro lisilo na mwenyewe halilali siku tatu. Joyeuse wa Kalengera hakulijua hilo. Alidhani amekificha kitu chake, kumbe alikuwa amewawekea watu alama ya kuwaita.

Alimwachia Bénita begi lake, akakimbia mpaka kwa Muzee Havugimana. Mzee alikuwa amepona homa, ameketi mlangoni anamenya viazi vya mkewe kama sehemu ya kulipia zile sufuria.

"Muzee, nilikudanganya. Kuran haikukatika. Nilienda Munigi na Kasuku, nikapita ile nyumba. Niliona kitu, nikafikiri ni dhahabu. Ni bomu, Muzee! Nikaifunika na makoro, na sasa Mama Athanasie eko anapiga ile makoro na nyundo!"

Muzee alitupa kisu. Alivaa sandali zake, ya kulia mguu wa kushoto, akatoa simu. Joyeuse alimtajia namba ya Birindwa bila kukosea. Muzee akaongea maneno machache, akasimamisha pikipiki, wakapanda wawili nyuma ya dereva, wakaondoka.

Pikipiki iliwaacha chini ya nyumba isiyo na mabati. Walipoizunguka, walisikia ko, ko, ko. Mama Athanasie alikuwa amekaa chini ndani ya korongo, miguu ameinyoosha, nyundo mkononi. Kando yake kulikuwa na tuta la kokoto mpya. Rundo la Joyeuse halikufika tena kiunoni. Lilikuwa limebaki kimo cha goti. Mgongoni alikuwa amemfunga mtoto wake mchanga, amelala, kichwa chake kinatikisika kila nyundo iliposhuka.

Muzee alimzuia Joyeuse kwa mkono. "Usisogee mbele hata kidogo." Kisha akapaza sauti. "Mama Athanasie! Acha hiyo makoro!"

Mama Athanasie aligeuka, akamwona mzee anayepunga mikono, akaelewa kinyume kabisa. Wangapi walikuwa wamejaribu kumnyang'anya mawe maishani mwake!

"Muzee, mimi niliuliza!" alijibu kwa hasira. "Balisema haina mwenyewe! Leo ndiyo unakuwa mwenyewe? Ulikuwa wapi wakati nilianza?"

"Siyo hivyo, mama! Toka pale!"

"Sitoke! Kama unataka makoro, kamata mutaimbo yako, ung'oe!" Na ili aeleweke vizuri, akavuta jiwe jingine kutoka kwenye rundo, akalipiga kwa nguvu zaidi. Mtoto mgongoni akaamka na kuanza kulia.

Muzee alipaza sauti tena, lakini homa ilikuwa imeichosha, ikakatika. Mama Athanasie alinyoosha mkono kuchukua jiwe lililo chini zaidi.

"Mama Athanasie!" Joyeuse alipiga ukelele mpaka koo likamwuma. "Ni miye! Ni miye nilipanga hayo makoro! Nilificha bomu chini yake! Ni miye, mama, usiiguse!"

Mkono wa Mama Athanasie uliganda hewani. Alimtazama Joyeuse, akautazama uso wa Muzee, kisha akalitazama lile jiwe. Aliweka nyundo chini polepole, kwa mikono miwili, mfano wa mtu anayelaza mtoto.

"Sasa nifanye nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Simama polepole," Muzee alisema. "Usichukue kitu. Rudi na ile njia ulipitia kuja, ile ile. Usikimbie."

Alikuja. Kila hatua ilikuwa ndefu, na Joyeuse alijikuta anaumwa mikono kwa jinsi alivyoikunja. Alipowafikia, Mama Athanasie aliketi kwenye kizingiti cha ile nyumba tupu, akamzungusha mtoto kifuani na kumnyonyesha.

Birindwa na wenzake walifika na gari. Waliweka utepe mwekundu pande zote, wakawarudisha wachunga mbuzi nyuma, na mmoja akaingia na mashine inayofanana na Kasuku kama ndugu wa tumbo moja. Alikwenda taratibu sana. Aliporudi, alimwambia Muzee kwamba ni kombora zima, na kwamba mawe yaliyobaki juu yake yalikuwa machache mno. Wakalilinda mpaka kesho yake, wakalilipua palepale. Mshindo ulisikika hadi shuleni, na madirisha ya darasa la Joyeuse yakatetemeka. Wanafunzi wengine walishangilia. Yeye alishika dawati.

Mama yake alikuwa amekwisha kuambiwa yote, na Joyeuse mwenyewe ndiye aliyemwambia, pamoja na habari za mabati.

"Nani alikudanganya mabati inaokotwa?" Emerance alimwuliza binti yake aliporudi kutoka shule, machozi yanamtoka. "Papa yako analala chini ya turubai, ni kweli. Lakini usiku hawazi mabati. Anakuwaza wewe." Baadaye alijipangusa uso, akasema, "Vaa viatu. Tunaenda kwa Mama Athanasie."

Walimkuta uani pake, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, viganja amevifunga vitambaa. Bénita alisimama mlangoni, hakumsalimu rafiki yake. Joyeuse alipiga magoti, akaomba msamaha. Alikuwa ameyapanga maneno mengi njiani, lakini yalitoka mawili matatu tu.

Mama Athanasie alikaza vitambaa viganjani.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza.

"Tangu jana asubuhi, mama. Masomoni. Yule papa wa mabomu aliuliza nani ameona, nikanyamaza."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo, mama. Nilifikiri nimeifunika muzuri."

Mama Athanasie alimfungua mtoto mgongoni, akamweka mikononi mwa Joyeuse. Mtoto alikuwa na joto, mzito kuliko alivyoonekana, na mara moja alikamata ukosi wa blauzi ya Joyeuse na kuanza kuutafuna. Joyeuse alilia kwa sauti, bila kujali kwamba Bénita anamwona.

"Sikiliza, na usisahau," Mama Athanasie alisema. "Kitu mubaya ukiifunika, haiondoke. Inabaki pale inangojea mutu mwingine, mwenye hajue kitu. Uongo yako ya kuran ilikuwa ya kwanza. Ukaweka makoro juu yake. Ukaweka kunyamaza juu ya makoro. Mimi ndiye nilikuwa nakuja kuikuta, na huyu mutoto. Ukikosa, sema siku ile ile, hata kama batakuchapa. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Jana ulichelewa kusema. Nilikasirika, na bado nimekasirika, nisikufiche." Aliinuka, akamchukua Joyeuse kwa kiwiko na kumsimamisha, mtoto akiwa bado mikononi mwake. "Lakini ulisema, mbele ya batu, na ukaita jina yako. Ndiyo maana leo niko hapa, niko muzima, nakugombeza."